Hai-fai au haifai? Ugomvi usiokwisha juu ya mita za bluu

Novemba 2024 kampuni ya Bose ilitangaza kwamba imeinunua McIntosh Group. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni habari ya biashara ya kusomwa nusu dakika na kusahauliwa. Kwa baadhi ya wapenzi wa sauti ilikuwa kama kusikia kwamba binti wa sultani kaposwa na mchuuzi wa sokoni, na mahari imeshapokelewa.

McIntosh ni ile kampuni ya Binghamton, jimbo la New York, inayotengeneza amplifaya zenye uso wa kioo cheusi, maandishi ya kijani na mita za bluu ambazo sindano zake hucheza kufuata muziki. Amplifaya zake ndizo zilizopiga kwenye tamasha la muziki la Woodstock mwaka 1969. Bendi ya Grateful Dead ilipojenga ule ukuta wake wa spika mwaka 1974, makumi ya amplifaya zilizousukuma zilikuwa za McIntosh. Bose nayo ni ile ya spika ndogo na hedifoni zinazouzwa mpaka viwanja vya ndege, na wajuzi wa sauti wamekuwa wakiicheka kwa zaidi ya nusu karne.

Lakini waulize hao wanaoicheka Bose kuhusu McIntosh yenyewe, uone. Mmoja atakuambia sauti yake ni tamu na nzito, unaisikiliza kutwa isikuchoshe. Wa pili atakuambia ni laini mno, ngoma hazina makali. Wa tatu atakuambia umenunua taa za bluu kwa maelfu ya dola, na amplifaya umepewa nyongeza. Wote watatu wana masikio mazima na miaka mingi ya kusikiliza. Badilisha jina, weka kampuni nyingine za sauti kama Mark Levinson, Linn au Bowers & Wilkins, na ugomvi utabaki uleule.

Hobi yenyewe huitwa hi-fi, kwa kirefu uaminifu mkubwa: sauti iwe aminifu kwa ile iliyorekodiwa. Ukilitamka neno hilo kwa Kiswahili linatoka "hai-fai", nami nimekuwa nikidhani kwamba lugha yetu ilikwishaumaliza mjadala kabla haujaanza. Tusiwe na haraka, hata hivyo. Hawa watu hawabishani juu ya kitu kimoja, ndiyo maana hakuna anayeshinda.

Tatizo lililokwisha

Kazi ya amplifaya ni nyepesi kuieleza: ichukue umeme mdogo unaobeba muziki, iutoe mkubwa wa kuweza kusukuma spika, isiongeze wala isipunguze kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 hilo lilikuwa jambo gumu kweli. Amplifaya yenye nguvu ya valvu, yaani zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, ilichafua sauti hasa pale valvu moja inapopokezana kazi na mwenzake. Frank McIntosh, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1949, na msaidizi wake Gordon Gow walilitatua kwa transfoma ya kipekee, ambayo nyaya zake zilizungushwa mbilimbili, bega kwa bega, na uchafu ukashuka chini ya asilimia moja hata ikisukumwa kwa nguvu zake zote. Kwa wakati ule ilikuwa hatua kubwa. Amplifaya yao ya MC275 ya mwaka 1961, wati 75 kila upande, ilitokana na fikra hiyohiyo, na matoleo yake mapya yameendelea kutoka miongo mingi baadaye.

Na kampuni haikuogopa vipimo. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1991 McIntosh ilikuwa ikipeleka mafundi wake kwenye maduka kufanya kliniki za amplifaya. Unabeba mashine yako kutoka nyumbani, iwe ya kampuni yoyote, wanaifunga kwenye vyombo, wanakupa karatasi yenye mchoro wa namba zake, bure. Fikiria ujasiri huo katika zama ambazo kila kiwanda kilijiandikia wati kilizotaka, mpaka mwaka 1974 tume ya biashara ya Marekani ikalazimika kutunga kanuni ya namna ya kuzitangaza. Ugonjwa wenyewe tunaujua. Nani hajaona sabufa iliyoandikwa wati elfu kumi PMPO huku transfoma yake haizidi ngumi ya mtoto?

Basi jina la McIntosh halikuokotwa, lilifanyiwa kazi. Shida ni kwamba tatizo lililolipa jina hilo heshima limekwisha. Transista zikaja, saketi zikaboreshwa, na leo amplifaya ya bei ya simu ya kawaida inaweza kupimwa ikakutwa na uchafu ulio chini sana ya ule wa MC275. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, ila hawakutuambia kinafanya nini siku uzuri wake unapopatikana kila duka.

Mwaka 1985 Bob Carver, mbunifu wa amplifaya wa Marekani, aliwapa changamoto waandishi wa jarida la Stereophile, watu walioamini kabisa kwamba masikio yao yanashinda vyombo. Wachague amplifaya wanayoipenda kuliko zote, yeye ataifanya amplifaya yake ya transista ya bei nafuu isikike sawasawa na hiyo. Wakachagua Conrad-Johnson Premier Five, za valvu, ghali mara nyingi zaidi. Carver akajifungia na vifaa vyake huko Santa Fe, mji wa jarida hilo. Alizifunga mashine mbili kwa namna ambayo kinachosikika ni tofauti yao tu, akawa anarekebisha yake kidogokidogo mpaka tofauti ikakaribia kimya. Waandishi wakasikiliza, wakarudia, wakakubali kwamba hawawezi kuzitenganisha.

Miaka miwili baadaye jarida jingine, Stereo Review, likachapisha jaribio ambalo wasikilizaji hawakuonyeshwa kinachopiga. Zilikuwepo mashine kuanzia risiva ya dola mia mbili na ushee hadi amplifaya za valvu za dola 12,000. Kwa ujumla hawakuweza kuzitambua kwa kiwango kinachozidi kubahatisha.

Hapo ungetarajia kesi ifungwe. Haikufungwa, kwa sababu mwamba ngoma huvutia kwake. Watu wa vipimo walisema: mmeona, amplifaya ni amplifaya. Watu wa masikio wakajibu: kama zote ni sawa, kwa nini Carver alihitaji kuirekebisha yake kwanza? Swali hilo si la ukaidi. Lina jibu, na jibu lenyewe ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya ugomvi.

Ohm moja inavyoweza kuwagombanisha marafiki

Spika si mzigo wa aina moja. Nyuma yake imeandikwa ohm 8, ohm ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme, lakini ukiipima noti ya muziki baada ya noti utakuta hapa ohm 4, pale ohm 20. Amplifaya nyingi za transista hazijali, kwa sababu ukinzani wao wa ndani ni sehemu ndogo sana ya ohm moja. Za valvu nyingi zina ukinzani wa ndani wa ohm moja au zaidi.

Piga hesabu ya darasani. Amplifaya ina ohm 1 ndani. Penye noti ambayo spika ni ohm 4, spika inapata asilimia 80 ya volti. Penye noti ambayo spika ni ohm 20, inapata asilimia 95. Tofauti hiyo ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja na nusu hivi, na ikishika eneo pana la muziki sikio la kawaida kabisa linaisikia. Yaani amplifaya imegeuka kitufe cha kurekebisha sauti, kitufe ambacho hakipo usoni pake na wala hakuna aliyekishika. Mbaya zaidi, kila spika inakizungusha kivyake. Kwa spika za huyu kinaongeza besi na mambo yananoga. Kwa spika za yule kinapandisha sauti za juu na waimbaji wanaanza kukwaruza masikio. Wawili hao wakikutana wakasimuliana habari za amplifaya ileile, kila mmoja atamwona mwenzake mwongo, na wote wawili wamesema kweli.

Ongeza na suala la nguvu. Ziko spika ambazo ukinzani wake unashuka mpaka karibu na ohm 2, na amplifaya dhaifu ikikutana nazo inakatika pumzi kwenye mapigo makubwa. McIntosh walilikabili hilo kwa njia yao: amplifaya zao nyingi kubwa, hata za transista, zina transfoma mwishoni, na nyuma unachagua mwenyewe tundu la ohm 2, 4 au 8. Wapenzi wao wanasema ndiyo siri ya mashine kutotishwa na spika yoyote. Wapinzani wanasema ni mzigo wa chuma ambao uhandisi wa leo hauuhitaji, unaofanya kazi moja tu ya hakika, nayo ni kumvunja mgongo anayeubeba. Kwa upande huu mimi naegemea kwa wapinzani, ingawa nakiri kwamba sijawahi kusikia spika ikiumizwa na transfoma hiyo.

Kwa hiyo ukisikia "amplifaya zote zinasikika sawa", ongeza mwenyewe maneno yaliyoachwa: zikiwa zimetengenezwa vizuri, hazijasukumwa kupita uwezo wake, zimefungwa kwenye spika zinazoziweza, na zimewekwa kwenye kiwango kimoja cha sauti. Hilo la mwisho limewadhulumu wengi. Mashine inayopiga juu kidogo tu, nusu ya desibeli hivi, haisikiki kama imepiga juu. Inasikika kama ni bora. Muuzaji mjanja hahitaji uongo mwingine.

Macho yana masikio

Floyd Toole alifanya kazi miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, huko Ottawa, akichunguza watu wanapenda sauti gani wanapokuwa hawajui wanasikiliza nini, kisha mwaka 1991 akahamia Harman, kampuni yenye majina kama JBL na Mark Levinson. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Sean Olive waliwakusanya wafanyakazi 40 wa Harman na kuwapa spika za kuzipa alama, mara moja wakiziona, mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Walipokuwa wakiona, spika kubwa za kupendeza zilipata alama nyingi, na seti ndogo ya bei rahisi ikadharauliwa. Pazia liliposhuka, pengo likafifia, na kile kiduchu kikasimama karibu na wakubwa wake. Kumbuka kwamba hawa hawakuwa watu wa barabarani. Walikuwa watu wa kampuni ya spika, na kilichowapotosha ni mapenzi ya kawaida. Ukipenda chongo, huita kengeza.

Kisa kilichowauma wapenzi wa santuri zaidi kilitokea mwaka 2022. Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani yenye heshima kubwa kwa kuchapa upya santuri kutoka kanda za awali, ilikiri kwamba katika santuri zake nyingi, kuanzia mwaka 2011, kulikuwa na hatua ya kidijiti katikati, yaani muziki uligeuzwa kuwa namba za kompyuta kabla ya kuchapwa. Wanunuzi walikuwa wakilipa bei za juu wakiamini kwamba hakuna hata chembe ya udijiti iliyogusa muziki ule. Baadhi ya santuri hizo zilikuwa zimesifiwa kuwa mfano wa kile ambacho dijiti haiwezi kukifikia. Kesi zikafunguliwa, na kampuni ikakubali kulipa hadi dola milioni 25 kuwaridhisha wateja.

Watetezi wa dijiti walicheka wiki nzima, na kicheko kilikuwa halali yao. Ila kuna jambo waliloliruka. Santuri zile zilikuwa nzuri kweli. Aliyezisifia hakukosea aliposema amefurahi. Alikosea alipotaja sababu ya furaha yake. Katika hobi hii makosa hayo mawili yanachanganywa kila siku: mtu akiambiwa sababu aliyoitoa si sahihi, husikia kwamba ameambiwa hana masikio.

Lugha nayo haisaidii. Kuna kesi ya ajabu inayoihusu Bose hiyohiyo. Mwaka 1970 jarida la watumiaji la Consumer Reports liliandika kuhusu spika yake ya 901, kwamba ala za muziki zilionekana kukua kuliko kawaida na kutangatanga chumbani. Bose ikashtaki. Jaji wa kwanza akaona kwamba kauli hiyo si kweli, kwa kuwa sauti zilitembea kufuata ukuta, kati ya spika na spika, wala hazikuzurura chumba kizima! Shauri likapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1984 iliamua kwamba jarida halina hatia, kwa kuwa hakukuwa na uthibitisho wa kutosha kwamba liliandika likijua ni uongo au bila kujali ukweli. Kama majaji walihitaji miaka kuelewana sauti ilitangatanga wapi, sisi tutaelewana vipi kuhusu sauti "tamu", "kavu" au "iliyo wazi"? Kila neno kati ya hayo linaweza kumaanisha besi zaidi, uchafu wa aina fulani, au kwamba msemaji alikuwa amekula akashiba.

Chumba nacho hakina jina wala nembo, kwa hiyo hakuna anayejivunia. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, noti ya besi ya hertz 43 hivi (mitetemo 43 kwa sekunde) inaenea barabara kutoka ukuta hadi ukuta. Weka kiti katikati kabisa, noti hiyo inakaribia kupotea. Kisogeze mpaka ukutani, inavimba. Katika nyumba zetu za matofali ya saruji, uvimbe huo wa besi ni mkali zaidi; nimewahi kuhangaika na sabufa mwezi mzima, nikabadilisha nyaya, nikabadilisha hata muziki, na dawa ikawa ni kuiondoa kwenye kona. Tofauti inayoletwa na kusogeza kiti nusu mita ni kubwa kuliko yoyote unayoweza kuitarajia kati ya amplifaya mbili nzima.

Jina linapouzwa peke yake

Kuna waliochoshwa na chapa kubwa si kwa sababu ya sauti bali kwa sababu ya kudanganywa. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba mashine ya kuchezea diski za Blu-ray ya kampuni ya Lexicon, iliyouzwa dola 3,500, ndani yake ilikuwa na mashine ya Oppo ya dola 500 hivi, nzima nzima, na fremu yake, ikiwa imevikwa sanduku jipya. Mtu akishaona picha zile, sanduku lolote la bei kubwa analitazama kwa bisibisi mkononi.

Majina yenyewe yamezoea kuhama. Mark Levinson aliianzisha kampuni yenye jina lake mwaka 1972, akaja kutengana nayo, na jina likabaki kwa kampuni. Alipoanza upya ilibidi atafute jingine, akaita Cello. McIntosh imepita kwa Clarion ya Japani mwaka 1990, D&M mwaka 2003, Waitaliano wa Fine Sounds mwaka 2012, kampuni ya uwekezaji ya Texas mwaka 2022, kisha Bose. Hata hivyo kiwanda bado kiko Binghamton, na hii ndiyo hoja ya watetezi ambayo sioni namna ya kuipinga: mashine ya mwaka 1970 inaweza kupata fundi na vipuri leo, na ukitaka kuiuza wapo watakaopigania kuinunua. Amplifaya nafuu yenye vipimo vya kutisha ikifa baada ya dhamana, unatafuta pa kuitupa. Anayelinunua hilo hajapumbazwa. Anakosea tu anapoapa kwamba amenunua sauti.

Mimi mwenyewe niliisikiliza McIntosh mara moja tu kwa kutulia, Tanga, sebuleni kwa baharia mstaafu aliyerudi nayo kutoka New York zamani. Kwa kuwa ni mashine ya umeme wa kule, volti 120, pembeni kulikuwa na transfoma ya kushusha umeme iliyokuwa ikinguruma kama nyuki ndani ya debe, na mzee hakuonekana kuisikia kabisa. Alipiga santuri za taarabu mpaka adhuhuri. Zilisikika vizuri. Sindano za mita zilikuwa zikichezacheza chini ya wati moja, katika mashine yenye uwezo wa mamia.

Nikamwuliza, kwa adabu zote, kama angekubali siku moja nilete amplifaya yangu ndogo, tuzifiche zote mbili nyuma ya pazia, tuone kama atazitambua.

"Mwanangu," akasema, akigeuza santuri, "pazia nitalishona siku nikitaka kuiuza."